Doa Lililoinuka na Kuondoka

Kila mkija kunisalimu hapa Kilwa Masoko, vijana wangu, shikamoo haijakauka mdomoni mnaanza habari za mashine. Droni ipi inakaa hewani muda mrefu, setilaiti ipi inaona vizuri, programu gani inachora ramani yenyewe wakati wewe umelala. Nawajibu ninachokijua, chai inapoa, mnaondoka. Juzi mmoja wenu, yule binti mwenye miwani, akaniuliza jambo ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: "Mama Likwata, kwenye hizo picha zenu, uliwahi kuona kitu kikakutisha?"

Nilimwambia nitamwandikia. Kwa mdomo ningeharakisha, na jambo lenyewe halitaki haraka.

Kazi yangu ilikuwa kuisoma ardhi kutoka juu. Mhandisi akitaka kupitisha barabara, kuweka daraja au kuchimba bwawa, sisi tunamwambia ardhi ikoje kabla hajaipeleka greda. Nilianza enzi za picha za karatasi zilizopigwa na ndege. Unaziweka mbili pembeni kwa pembeni chini ya miwani ya mezani yenye lenzi mbili, unakodoa mpaka macho yanauma, halafu ghafla mlima unainuka kutoka kwenye karatasi. Siku ya kwanza uliponiinukia nilirudisha kichwa nyuma kwa nguvu nikagonga kabati. Aliyenifundisha, Mzee Chiponda, alicheka mpaka akavua kofia.

Chiponda alikuwa mtu wa Rutamba, mrefu, anatafuna muhogo mbichi kutwa nzima huku anasoma picha. Alikuwa na neno moja alilolirudia mpaka tukalichoka: "Kivuli kwanza." Maana yake, kabla hujasema lolote kuhusu picha, igeuze mpaka vivuli vianguke upande wako. Ukiigeuza kinyume, macho yanakudanganya. Bonde linakuwa kilima, kilima kinakuwa bonde. Kulikuwa na mwenzetu mmoja aliyemwona Chiponda mzee wa makelele tu. Huyo alikuja kuchora daraja zuri sana, lenye nguzo na kila kitu, juu ya mgongo wa kilima. Mhandisi alipofika pale na mkanda wake wa kupimia alitafuta mto mpaka akakaa chini.

Na zilipokuja picha za setilaiti tulipata vituko vipya. Ramani za zamani zilihesabiwa kutoka mwanzo mmoja, vipimo vya setilaiti kutoka mwanzo mwingine. Ukizichanganya bila kuzioanisha, kila kitu kinahama. Kuna mradi mmoja wa mfereji ambamo msikiti wa mtaa ulionekana uko baharini, na imamu alipoonyeshwa akasema, "Basi nyie mtatutafutia mitumbwi ya kwendea Ijumaa." Kwa hiyo nikiwaambia muulize vipimo vimetoka wapi, msidhani nawasumbua.

Lakini binti aliuliza habari ya kutishwa.

Ilikuwa karibu na kustaafu kwangu. Kulikuwa na barabara ya udongo inayotoka Kinjumbi kwenda bara, kwenye mashamba ya korosho na ufuta, na ilitakiwa itengenezwe ipitike masika yote. Barabara ya zamani ilikuwa na kona kubwa inayozunguka pori moja la mawe bila sababu inayoonekana. Mhandisi wa mradi, Injinia Mbaraka, alitaka kuinyoosha ipite katikati. Lilikuwa wazo zuri. Safari inapungua, udongo pale ni mgumu, na shamba linaloguswa lilikuwa la mtu mmoja tu ambaye alikuwa amekubali. Vigingi vya mstari mpya vilikuwa vimeshapigwa, na mtambo wa kushindilia umeshashushwa kijijini, watoto wanaupanda kama mlima.

Mimi nilipewa kazi ya kukagua kama chini ya mstari mpya kuna maji. Chemchemi iliyofichika ndiyo inayoua barabara. Unaijenga vizuri, masika ya kwanza inavimba, ya pili inapasuka. Kwa kazi hiyo tulikuwa na droni yenye kamera ya joto. Kamera hiyo haioni rangi, inaona joto. Udongo wenye maji na udongo mkavu havipoi sawa, na saa nzuri ya kuvitofautisha ni alfajiri ya kipupwe, kabla jua halijagusa chochote. Palipo baridi panaonekana peusi, penye joto panang'aa peupe.

Rubani wangu wa droni alikuwa Hamisi, mtu mzima mwenye mke na watoto, mwenyeji wa Lindi mjini, mzaha mwingi. Tulisali alfajiri kijijini, tukaenda na gari mpaka kwenye kona ya zamani, akairusha. Ukungu ulikuwa umelala chini, huoni hatua kumi mbele. Kwenye skrini yake pori lote lilikuwa jeusi kama masizi.

Halafu vikatokea vidoa vyeupe.

Kimoja, cha pili, cha tatu, vikaendelea. Vilikuwa vimejipanga mstari mmoja, vimeachana karibu sawasawa, vinakatiza mahali pale pale mstari wetu mpya ulipopita. Waliowahi kumwangalia mtu kwa kamera ya joto kutoka juu wanajua anavyoonekana: doa la mviringo, kichwa na mabega. Hivi vilikuwa hivyo hivyo. Ungesema watu wamesimama safu, wanasali.

"Mama," Hamisi akasema, na sauti yake haikuwa na mzaha, "hawa wanafanya nini huku saa hizi?"

"Labda ni ng'ombe."

"Ng'ombe hawapangi foleni."

Nikamwambia ateremshe droni kidogo. Akaiteremsha. Vidoa havikutikisika. Watu wote mnajua makelele ya droni, hata mtu aliyelala huinua uso. Hakuna aliyeinua. Tukawa tumesimama pale kwenye ukungu tunaangalia, na nikasikia vinyweleo vya mikono vinasimama, mimi mtu mzima niliyetembea pori la mkoa huu lote.

Ndipo kimoja kikainuka.

Siwezi kusema vingine. Doa la pembeni kabisa lilirefuka kidogo, kama linavyorefuka la mtu akinyanyuka, likaacha safu, likaanza kwenda. Lilikwenda polepole kuelekea magharibi, likaingia chini ya mikorosho, likapotea. Na pale lilipotoka, hapa nisikilizeni, palibaki doa jingine. Dogo, lakini jeupe vile vile. Kana kwamba aliyeondoka alikuwa amemkalia mwenzake.

Hamisi alisoma Ayatul Kursiy kwa sauti. Droni aliirudisha vibaya, ikajigonga kwenye mkorosho ikavunja bawa moja. Sikumlaumu.

Jua lilipotoka na ukungu kupungua nilimwambia tuingie. Hakutaka. Nikamwambia basi naingia mwenyewe, akaona aibu, akanifuata. Chiponda alikuwa ametutia kichwani kwamba picha usiyoikanyaga si yako, na mimi nisingeandika ripoti ya vidoa nisivyovijua. Tukafuata vipimo mpaka doa la kwanza. Hapakuwa na mtu, wala nyayo. Palikuwa na jiwe la chokaa lenye ufa, ufa wa kupenya kiganja, na majani ya pembeni yake yalikuwa mabichi na yametota umande wakati mengine yote ya pori yamekauka.

Nikapiga goti nikaweka mkono.

Ardhi ilinipumulia. Hewa ya uvuguvugu, yenye unyevu, inatoka taratibu bila kukoma, na harufu kama ya chumba kilichofungwa siku nyingi. Tulikwenda doa la pili, la tatu, hali ni hiyo hiyo. Ilipokaribia adhuhuri, joto la juu lilipokuwa kali, Hamisi aliweka jani kavu kwenye ufa mmoja. Jani lilicheza kidogo, likavutwa ndani, likaenda. Alfajiri ardhi inatoa pumzi, mchana inaivuta. Hamisi alisema, "Mama, tuondoke," na safari hii nilimkubalia.

Nikiwa kwenye gari akili ilirudi kazini. Hewa inayotoka na kuingia lazima iwe na mahali pa kukaa. Nchi ile ni ya chokaa, na maji ya miaka na miaka huila chokaa kwa chini. Vidoa vilivyojipanga mstari maana yake kuna ufa mrefu, na chini ya ufa kuna uwazi. Mtambo wa kushindilia, uzito wake mnaujua, ulikuwa upite juu yake wiki ile.

Hilo lilieleza vidoa vyote, isipokuwa kile kilichotembea.

Tulimpata mchana ule ule, na bila kumtafuta. Nyumba ya karibu zaidi na pori ilikuwa ya mwenye shamba, Bi Sikudhani Mbonde, mama wa makamo yangu, mwembamba, kanga yake safi kama ya kwendea harusini. Hamisi akamwamkia, "Shikamoo, bibi." "Marahaba, mwanangu, karibuni." Akatutandikia mkeka, akatuletea uji wa mtama. Nikamuuliza kama asubuhi kuna watu wanaopita pori la mawe.

"Watu gani wapite kule, dada? Kuna upupu kichaka kizima, ukiugusa utajikuna mpaka Idi. Mimi tu ndiye ninayekwenda. Ngedere wanaamka mapema kula mikunde yangu, nami naamka mapema kuliko wao."

"Na leo ulikwenda?"

"Leo nilikaa pale, nikasikia kitu kinavuma juu kama nyuki wakubwa. Nikaogopa, nikainuka nikarudi."

Hamisi aliteremsha bakuli la uji, akashusha pumzi ndefu, akaanza kucheka, akacheka mpaka machozi. Bi Sikudhani naye akacheka bila kujua anachekea nini. Nilimwonyesha picha kwenye simu. Nikamwonyesha doa lake.

"Huyu ni mimi?"

"Ni wewe."

"Mbona niko na watu?"

Nikamweleza habari ya nyufa na hewa ya joto. Akaitikia kwa kichwa kama mtu anayeambiwa anachokijua. "Ndiyo maana nakaa pale. Kipupwe mikono inakufa ganzi. Nimekuwa nikiota joto la jiwe lile miaka yote hii. Huwa najiambia hata mawe yamenihurumia."

Sikuuliza "miaka yote hii" ilikuwa ni tangu lini. Aliniambia mwenyewe, jirani mmoja alipopita na kumwita jina ambalo sikulipenda, kwa utani, jina la mwanamke aliyeachwa. Mumewe, Shaweji, alitoka asubuhi moja kwenda kukata fito na hakurudi. Asubuhi hiyo walikuwa wamegombana. Dada yake Bi Sikudhani anaolewa Kilangala, yeye anataka kwenda harusini, mume hataki. Maneno yakawa makali. Akiwa mlangoni na panga lake Bi Sikudhani akamwambia, "Nenda, na usirudi."

"Watu walimtafuta upande wa mtoni, siku chache tu. Halafu pakazuka maneno kwamba kavuka Ruvuma, kaoa Msumbiji. Na mimi niliamini, dada. Si nilimwambia mwenyewe?"

Hakupewa talaka. Hakukaa eda. Waliokuja kumposa aliwarudisha kwa sababu ni mke wa mtu, na ndugu wa mume wakamwachia shamba kwa masimango.

Nilirudi na habari kwa Injinia Mbaraka. Alikuwa kijana mwadilifu, lakini alikuwa amebanwa. Ratiba, mvua zinakuja, mitambo inasubiri. "Mama, joto la mawe tu hilo. Mawe hushika joto."

"Mawe hayavuti jani," nikamwambia.

Akasugua paji la uso. "Nipe kitu cha pili. Kimoja hakitoshi kusimamisha barabara."

Alikuwa na haki. Na hili liwaingie, vijana: chombo kimoja kikikuambia jambo, tafuta cha pili kisichojuana na cha kwanza. Nilirudi kwenye picha za zamani za setilaiti, zile zinazohifadhiwa mwaka baada ya mwaka, nikalitafuta pori lile katika kila mwaka. Miaka ya mwanzo hapakuwa na kitu, mawe na vichaka. Kisha, katika picha moja ya kiangazi, palikuwa na alama mpya karibu na nyufa: duara jeupe lenye weusi katikati, kama jicho. Nikaligeuza mpaka kivuli kikaangukia upande wangu. Lilikuwa shimo. Ardhi ilikuwa imetumbukia. Masika yaliyofuata jicho likaanza kufunikwa na kijani, mwaka wa pili likafumba kabisa. Upupu ulikuwa umetandaa juu yake kama mkeka.

Nilitaka kujua kama mwenye shamba anaikumbuka siku ardhi ilipobomoka, maana mwaka wa picha peke yake hautoshi. Nikaenda tena kwa Bi Sikudhani na picha mbili zilizochapishwa, ya kabla na ya baada. Nikamwambia hapa ni kiangazi kabla ya vuli ile iliyogoma kunyesha, na hapa ni mwaka mmoja nyuma yake. Katikati ya hizi mbili, ardhi yako ilifunguka. Unakumbuka kusikia kishindo?

Alizishika picha, moja mkono huu, moja mkono huu. Akaziangalia muda mrefu. Kuku walikuwa wanadonoa kwenye mkeka na hakuwafukuza.

"Kiangazi kabla ya vuli iliyogoma," akasema.

"Ndiyo."

"Harusi ya dada yangu ilikuwa kiangazi hicho."

Mwanzoni sikumwelewa. Kisha nikamwelewa, na nikatamani nizichukue picha zangu niondoke.

Alinyanyuka akaingia ndani, akatoka na mtandio kichwani kama anayekwenda kwa watu. Akaniuliza kwa sauti ya chini sana, "Dada, lile jiwe ninalokalia na hili jicho, viko mbali?"

Nilikuwa najua jibu. Kazi yangu yote ilikuwa kujua jibu la swali kama hilo. Vilikuwa karibu kiasi kwamba mtu aliye chini angesikia mtu wa juu akikohoa.

"Si mbali," nikamwambia.

Mbaraka alileta mtambo wa kuchoronga. Waliuweka kando ya kigingi, mbali na upupu, wakaanza kuteremsha chuma. Mchorongaji alisimama na mkono kwenye usukani wake, anasikiliza sauti ya jiwe kama fundi saa. Sauti ilikuwa inasaga, inasaga, kisha ikakatika. Chuma kilianguka chenyewe, mtambo ukatikisika, watu wakaruka nyuma. Na kutoka kwenye tundu ikaja hewa, kwa nguvu, ikampeperusha mtu kofia. Hakuna aliyekwenda kuiokota. Mbaraka alitembea mpaka kwenye kigingi cha kwanza cha mstari wake mpya, akakitikisa, akaking'oa. Akaenda cha pili, akaking'oa. Aliendelea hivyo mpaka akavimaliza vyote.

Nilimweleza habari za Bi Sikudhani, naye akatoa taarifa polisi siku hiyo hiyo. Walikuja pamoja na vijana wa uokoaji, wakaufyeka ule upupu wamejifunga nguo mpaka machoni, na chini yake jicho likafunguka upya. Walishuka kwa kamba na taa. Sisi tulisimama mbali. Sauti zao zilikuwa zinatujia si kutoka shimoni tu bali kutoka kwenye zile nyufa zote, moja baada ya nyingine, neno lile lile linasemwa chini ya miguu yetu safu nzima. Mmoja alisema "Hapa," na ardhi yote ikasema hapa, hapa, hapa. Hamisi alinishika mkono kama mtoto. Nami nilishika wake.

Waliyoyakuta yalikuwa machache, kama miaka inavyoacha. Mifupa, kandambili za tairi, panga. Mpini wa panga ulikuwa umezungushwa ukanda wa mpira wa baiskeli, ukanda ule ule ambao Bi Sikudhani, kabla hajaonyeshwa, aliwaeleza polisi kwamba aliufunga mwenyewe kwa sababu mpini ulikuwa unamchubua mume kiganja. Mguu mmoja ulikuwa umevunjika vibaya. Daktari hakusema aliishi muda gani mle chini, na namshukuru.

Nilikuwa naye alipoambiwa. Hakulia kwanza. Alisema, "Basi hakwenda." Akasema tena kama anajifunza maneno, "Hakwenda popote." Kisha akaniangalia. "Nilikuwa nakaa pale naimba, dada. Kufukuza ngedere. Unadhani siku za mwanzo..."

"Usiende huko," nikamwambia.

"Nitakwenda tu," akasema. "Lakini si leo."

Akaomba sheikh aitwe, akamwambia anataka kukaa eda. Sheikh, mtu mpole, akamweleza kwamba eda huhesabiwa tangu mume alipofariki, si tangu mke alipopata habari. Yake imekwisha zamani. Anaweza kuomboleza, lakini hana deni lolote.

"Kwa hiyo nilikuwa mjane nami sijui?"

"Ndivyo, mama."

"Na wale waliokuja kunioa, ningeweza kuwajibu?"

Sheikh akainamisha kichwa. Bi Sikudhani akavuta kanga mabegani, akasema ahsante sheikh, akaenda jikoni kuangalia maji ya watu.

Mazishi yalikuwa alasiri. Wanaume walikwenda makaburini, wanawake tukabaki naye. Ndugu wa mume walikuja wote, wale wa masimango, wakakaa kwenye mikeka hawana pa kuweka macho. Waliporudi wanaume na kisomo kikaisha, mzee mmoja alibaki amesimama penye ua, ameshika baraghashia mkononi. Bi Sikudhani aliniambia ni Athumani, fundi baiskeli wa zamani, rafiki wa Shaweji tangu jandoni, siku hizi anaishi kwa wanawe Lindi. Akamwita. Mzee akaja, akakaa mbali kidogo, jasho linamtoka.

"Sikudhani," akasema, "wewe unanijua, mimi si mtu wa kusema ovyo. Yale maneno ya Msumbiji sikuyaanzisha mimi. Lakini sikuyakanusha, kwa sababu mimi nilimwona."

"Ulimwona nani?"

"Shaweji. Stendi ya Lindi. Ilikuwa msimu wa korosho wa mwaka uliofuata ile vuli iliyogoma. Mimi nashusha baiskeli kwenye basi, yeye kasimama penye ukuta. Nikampa mkono. Nikasema naye."

Mimi nilikuwa na picha mbili ndani ya mkoba wangu, na mwaka wa kila moja ulikuwa umeandikwa pembeni. Nilihesabu kichwani. Msimu huo jicho lilikuwa limeshafunguka na kummeza Shaweji, na upupu umeanza kulifumba. Nilifungua mdomo nimwambie mzee kwamba amekosea mtu, kwamba macho hudanganya, kwamba vivuli hugeuza mambo. Bi Sikudhani alinigusa goti, nikafunga mdomo.

"Alisema nini?" akamuuliza Athumani.

Mzee alikuwa anauangalia mkono wake wa kulia. "Nilimuuliza mbona amemwacha mkewe. Hakunijibu hilo. Alisema tu, nikifika nyumbani nikupe salamu. Nami nilikuwa nimemkasirikia, nikasema sizipeleki. Sikuzileta. Mpaka leo."

Bi Sikudhani alikaa sawa kwenye mkeka, akarekebisha mtandio wake, na akajibu kama mtu anavyojibu salamu iliyoletwa na mgeni kutoka safari, kwa sauti kamili, bila kutetemeka:

"Alayka waalayhi ssalaam. Zimefika."

Kisha akamuuliza Athumani kama ameshakula.